Saa ya Barafu

Kila Januari, kijijini Wendell, Vermont,
wanaume wanne huburuta tofali la zege
hadi katikati ya ziwa lililoganda,
wakalifunga kamba,
na kamba ikapita juu ya theluji, ikapanda ngazi,
ikaingia barazani kwa mzee Orrin Thibault,
ikakamata waya wa saa.
Barafu ikikatika, tofali huzama.
Likizama, huvuta.
Plagi huchomoka, saa husimama,
na pale zilipokomea akrabu
ndiyo machipuko, kwa sheria ya kijiji.
Aliyebahatisha huchukua nusu ya dola za kopo;
nusu nyingine ni fataki za Julai.

Mimi nalipwa kumwosha Orrin miguu,
kumhesabia vidonge, kumsomea daftari.
Macho yake yana mtoto wa jicho.
"Soma, Hawa," huniambia.
Mwanahawa limemshinda, refu mno kwa meno ya bandia.

Nasoma. Hamsini na nane: Mei, tarehe sita,
saa nane na robo mchana.
(Wao wameandika mbili na robo. Mimi natafsiri
bila kufikiri: kwetu siku huanza na jua,
kwao huanza usiku wa manane, watu wakikoroma.
Miaka kumi na mmoja naishi saa sita mbali na ukuta.)
Sabini na tatu: Aprili, ishirini na tisa.
Mwandiko wa mkewe, Lorraine,
na pembeni: "bata wawili, mkate umeungua."
Tisini na nane: Aprili, kumi na tisa.
Kisha mwandiko unatetemeka, kisha si wake tena.
Aprili nne.
Machi ishirini na saba.
Tarehe zinarudi nyuma kama mtu
anayetoka chumbani kwa mgonjwa bila kugeuka,
akitafuta mlango kwa kisigino.

Nilidhani ni mimi peke yangu hapa
niliyevaa saa isiyopatana na ya wenyeji.
Kumbe na ziwa.
Kumbe na miti ya mepo, waliyokuwa wakiigema Machi
(naam, kugema, kama mgema na mnazi wake,
ila hapa hawapandi, hutoboa shina wakatundika ndoo),
na sasa utomvu unatiririka taa za Krismasi
zikiwa bado zinaning'inia madirishani.
Kumbe na dubu, aliyeonekana Februari
akipekua mapipa ya kanisa,
mwembamba, amekosa usingizi, kama mimi nikitoka zamu.

Mwaka huu wanaume walikuja na keekee.
Walitoboa hatua tano kutoka ufukweni: vidole viwili.
Walitoboa penye kivuli cha misonobari: vitatu.
Duane, mzito kuliko wote, alisimama matopeni
amelikumbatia tofali kama mtoto asiyejua amkabidhi nani.
Wakangoja wiki. Wakangoja nyingine.
Wakaliweka barazani, karibu na beleshi la theluji,
na kamba wakaiviringa juu yake.

Saa inakwenda. Hakuna cha kuivuta.
Imepita Machi, imepita Aprili,
inaguguna dakika kama panya darini.

Jana Orrin alipapasa ukuta hadi akaigusa kamba.
Kavu. Akanusa vidole vyake.
"Andika," akasema.
Niandike nini? Safu zina nafasi ya mwezi, siku, saa.
Hakujibu. Kahawa ikapoa.
Nikaandika kwa lugha yangu, herufi kubwa,
neno moja likaziba safu zote tatu:
HAIKUGANDA.

"Linasomekaje?"
Nikamsomea. Akalirudia polepole,
ha, i, ku, akameza mate, ga, nda,
yeye ambaye jina langu limemshinda miaka yote,
akalitoa zima, bila ufa.

Nje, bata walikuwa wanazunguka
pale ambapo tofali lingekaa.
Nikatazama ukutani: kumi na moja na nusu, yao.
Tano na nusu, yangu.
Vidonge vya adhuhuri bado.
Nikafunga daftari, kalamu ikabaki ndani.